Kustaafu kwa Heshima: Namna Mchango wa Lazima Unavyokua Hadi Kumtunza Mtumishi Uzeeni

Mada iliyotolewa kwa walimu, wahudumu wa afya, watendaji wa kata na vijiji na watumishi wengine wa Halmashauri



Kila mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujafika benki, sehemu yake huwa imekwishaondoka. Mtumishi huiona kwenye hati yake ya mshahara katika mstari mmoja mfupi, hunung'unika kidogo, kisha huisahau. Husahau kwa miaka 20, kwa miaka 30. Siku anapokabidhiwa barua ya kustaafu, mstari ule mfupi hugeuka kuwa ndio mshahara wenyewe. Hapo ndipo wengi huuliza kwa mara ya kwanza: fedha hizi zilikuwa zikihesabiwa vipi? Mada hii imekusudiwa kulijibu swali hilo mapema, wakati jibu lingali na manufaa.

Msingi wa mchango

Kwa mujibu wa Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa na kuwa mfuko mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Watumishi wengi wa serikali za mitaa walitoka LAPF. Wafanyakazi wa sekta binafsi huhudumiwa na NSSF.

Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 20 ya mshahara. Mtumishi hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 15. Mwenye mshahara wa Sh 1,000,000 hukatwa Sh 50,000, na mwajiri humwekea Sh 150,000. Kwa hiyo mwezi mmoja usiopelekwa mfukoni ni upungufu wa Sh 200,000 katika kumbukumbu za mtumishi, si wa zile 50,000 anazoziona kwenye hati yake.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Pensheni haihesabiwi kwa kujumlisha michango na faida yake, kama ilivyo akaunti ya benki. Huhesabiwa kwa vitu viwili: idadi ya miezi iliyochangiwa, na wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho ya utumishi. Anayetaka pensheni yake ikue hana budi kuvilinda vitu hivyo viwili. Tena, ili apate pensheni ya uzeeni ya kila mwezi, ni lazima awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Hesabu yenyewe

Na achukuliwe mwalimu wa mfano, ambaye wastani wa mshahara wake bora ni Sh 1,000,000 kwa mwezi, sawa na Sh 12,000,000 kwa mwaka, na amechangia miezi 348, yaani miaka 29. Kikokotoo huigawanya miezi yake kwa 580, na jibu huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Miezi 348 kwa 580 ni 0.6, mara Sh 12,000,000 ni Sh 7,200,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka, kabla ya kutoa mkupuo.

Tangu mwaka wa fedha 2024/25, watumishi waliotoka katika mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50, ikiwemo LAPF, hulipwa mkupuo wa asilimia 40. Waliotoka katika kundi la asilimia 25 hulipwa asilimia 35. Kwa mwalimu wetu, asilimia 40 ya Sh 7,200,000 huzidishwa kwa 12.5, naye hupata mkupuo wa Sh 36,000,000. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye hupata Sh 360,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Haifai kuficha kwamba hesabu ya zamani ya LAPF na PSPF ilitoa mkupuo mkubwa zaidi. Ilitumia kigawanyo cha 540, kizidisho cha 15.5 na mkupuo wa asilimia 50. Kwa mshahara huohuo na miezi hiyohiyo, mwalimu huyu angepata mkupuo wa karibu Sh 59,900,000 na pensheni ya karibu Sh 322,000 kwa mwezi. Hicho ndicho chanzo cha manung'uniko yaliyosikika nchini mwaka 2018 kanuni mpya zilipotangazwa, hata Rais John Magufuli, alipokutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi mwezi Desemba mwaka huo, akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika kwa kipindi cha mpito. Kikokotoo kipya kilianza tarehe 1 Julai 2022 kwa mkupuo wa asilimia 33, kisha kikarekebishwa kama ilivyoelezwa. Mtumishi aliyejipangia maisha kwa hesabu ya zamani ana haki ya kusikitika. Hata hivyo, anayeendelea kupanga kwa hesabu hiyo atajiumiza mara ya pili.

Yapo pia maswali kuhusu mkupuo wa asilimia 40 ukilinganishwa na ule wa asilimia 33. Kwa mwalimu wa mfano, asilimia 33 ingempa mkupuo wa Sh 29,700,000 na pensheni ya Sh 402,000. Kwa asilimia 40 amepata Sh 6,300,000 zaidi mkononi, na Sh 42,000 pungufu kila mwezi. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 hulingana na mwenzake anapofikisha miaka 72 na nusu. Akiishi zaidi ya hapo, ile Sh 42,000 ya kila mwezi ingekuwa na faida kubwa kuliko nyongeza ya mkupuo. Mkupuo, basi, ni sehemu ya pensheni ya kesho iliyoletwa leo, na anayeupokea hana budi kuutendea hivyo.

Miezi inayopotea

Kasoro inayowagharimu wastaafu wengi ni miezi isiyoonekana katika kumbukumbu. Miezi hiyo hupotea mtumishi anapohama kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine, mshahara wake unaposimama kwa muda, anapochukua likizo bila malipo, au jina lake linapoandikwa kwa namna mbili tofauti. Wengine wana namba za uanachama za mifuko ya zamani ambazo hazijaunganishwa.

Tuseme mwalimu yuleyule amekosa miezi 29 katika kumbukumbu zake. Miezi 319 kwa 580 ni 0.55. Mkupuo wake hushuka kutoka Sh 36,000,000 hadi Sh 33,000,000, na pensheni hushuka kutoka Sh 360,000 hadi Sh 330,000. Amepoteza Sh 3,000,000 siku ya kwanza, na Sh 30,000 kila mwezi maisha yake yote. Akiishi miaka 20 baada ya kustaafu, pensheni aliyoikosa peke yake ni Sh 7,200,000. Kosa hilo lingeweza kusahihishwa kwa kupeleka hati chache za mshahara katika Ofisi ya Utumishi, alipokuwa bado na miaka 45 na hati hizo zingali kabatini.

Kwa walioajiriwa na Serikali Kuu kabla ya Julai 1999, wakati mfumo wa kuchangia haujaanza, Serikali ilitambua deni la kipindi hicho na kutoa hati fungani maalumu zisizo taslimu zenye thamani ya takriban Sh trilioni 2.17 kwa Mfuko. Mtumishi wa kundi hilo ahakikishe tu kwamba barua yake ya ajira ya kwanza ipo na tarehe yake inasomeka.

Cheo na umri wa kuondoka

Kwa kuwa hesabu hutumia miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, cheo kilichocheleweshwa kinaumiza mara mbili: kwanza kazini, kisha uzeeni. Mwalimu wa mfano akipandishwa kwa wakati na wastani wake ukafika Sh 1,100,000, mkupuo wake utakuwa Sh 39,600,000 na pensheni Sh 396,000. Anayestahili kupanda na hajapanda afuatilie kwa maandishi mapema, si miezi sita kabla ya kustaafu.

Sheria humruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na humlazimu akiwa na miaka 60. Mwalimu wetu akiondoka miaka mitano mapema, miezi yake itakuwa 288, mkupuo utakuwa karibu Sh 29,793,000 na pensheni karibu Sh 297,900, hata kama mshahara wake ungekuwa uleule. Ni kweli kwamba ataanza kulipwa miaka mitano kabla ya wenzake. Uamuzi huo una sababu zake, hasa kwa mgonjwa au mwenye kazi nyingine imara. Lakini hesabu ifanywe kwanza, barua iandikwe baadaye.

Akiba ya pembeni

Pensheni ya Sh 360,000 kwa aliyezoea mshahara wa Sh 1,000,000 ni kidogo zaidi ya theluthi moja. Pengo hilo halizibwi na malalamiko. Huzibwa na akiba iliyoanzishwa mapema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinahitaji muda. Mtu anayeweka Sh 50,000 kila mwezi tangu akiwa na miaka 40, mahali panapotoa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, atakuwa na takriban Sh 29,400,000 akifika miaka 60. Akianza akiwa na miaka 50, atakuwa na takriban Sh 9,100,000. Kiasi cha kila mwezi ni kilekile. Miaka 10 ya kuchelewa imemgharimu zaidi ya Sh 20,000,000. Asilimia 8 hapa ni mfano wa kukokotoa, si ahadi.

Mahali pa kuweka si haba: SACCOS zilizosajiliwa, mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayosimamiwa na UTT AMIS, na hati fungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Mstaafu anayeweka nusu ya mkupuo wake wa Sh 36,000,000 mahali panapompa asilimia 10 kwa mwaka ataongeza wastani wa Sh 150,000 kwa mwezi, na jumla ya kipato chake kuwa Sh 510,000, huku Sh 18,000,000 zake zikibaki.

Kinyume chake kinajulikana katika kila kata. Mstaafu hununua gari la abiria ilhali hajawahi kufanya biashara ya usafiri. Au huanza nyumba kubwa ambayo huishia kwenye lenta. Au hugawa fedha kwa ndugu mpaka zinakwisha, kisha ndugu nao hupungua. Nyumba ya kuishi na ijengwe wakati mshahara ungalipo, kidogo kidogo. Biashara na ijaribiwe kwa mtaji mdogo miaka mitatu au minne kabla ya kustaafu, ili hasara, ikiwapo, iwe ndogo na somo libaki.

Mikopo nayo ina nafasi yake. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Mikopo ya mitaani ya riba kubwa, ile wananchi waliyoipa jina la kausha damu, huipita kanuni hiyo kwa mlango wa nyuma, kwa kushikilia kadi ya benki. Anayestaafu akiwa na deni la namna hiyo huupokea mkupuo wake kwa niaba ya mtu mwingine.

Mambo ya kufanya sasa

Kila mtumishi aangalie taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka, kupitia huduma za mtandao za Mfuko au ofisi yake ya mkoa, na kuilinganisha na hati zake za mshahara. Ahakikishe majina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na barua ya ajira. Ahifadhi pamoja barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na zote za kupandishwa cheo. Ahuishe orodha ya wategemezi, kwani mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kujazwa hawezi kujiandika mwenyewe. Na mumewe au mkewe ajue faili hilo lilipo.

Mwisho, ikumbukwe kwamba mafao hayalipiwi ada ya kuharakishwa. Anayempigia mstaafu simu akijitambulisha kuwa wa Mfuko, na kumtaka atume fedha ili faili lisogee, ni tapeli, hata akilitaja jina kamili na namba ya uanachama.

Ofisi ya Utumishi ya Halmashauri hupokea watumishi wenye kasoro za kumbukumbu siku zote za kazi. Anayekuja akiwa na miaka 40 atatumia nusu saa. Anayesubiri mpaka afike 59 huenda akatumia miezi, na hiyo ndiyo miezi atakayokuwa hana mshahara.