Ampea 49 Ziko Wapi? Joto na Uteuzi wa Vipuri vya Saketi



Tulipokuwa tukipitia upya mtaala wetu wa uhandisi wa elektroniki, mwenzetu mmoja ninayemheshimu alitoa hoja kwamba uteuzi wa vipuri si somo la chuo kikuu. Mhandisi, alisema, achore saketi na kuijaribu kwenye kompyuta. Kipuri atakitafuta mtu wa ununuzi, mradi thamani ilingane na bei iwe nafuu. Wengi waliafiki. Mimi sikuafiki, na mhadhara huu ndio jibu langu.

Sitarudia sheria ya Ohm wala namna transista inavyopitisha mkondo. Mlio humu mnayajua. Swali langu ni moja: hiyo thamani inayotakiwa ilingane, ilipimwa katika hali gani?

Tuchukue IRFZ44N, mosfeti inayojulikana sana kwa mafundi. Naipenda datashiti yake, na huisoma na wanafunzi wangu mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza unatangaza volti 55, ampea 49 na ukinzani wa miliomu 17.5. Anayeishia hapo ataamini kwamba mzigo wa ampea 20 ni mwepesi kwake. Tusiishie hapo. Ampea 49 zina sharti: ganda la kipuri libaki kwenye nyuzijoto 25. Ganda lenyewe, si hewa ya chumbani. Miliomu 17.5 nazo zina sharti: volti 10 kwenye geti. Kizingiti cha volti 2 hadi 4, ambacho wengi hukidhania kuwa ndicho volti ya kuiwashia, kilipimwa kwa mkondo wa maikroampea 250. Hapo mosfeti ndiyo kwanza inaanza kupitisha umeme. Ukiiendesha kwa volti 3.3 za maikrokontrola, datashiti haikuahidi chochote cha kutegemea.

Sasa tushuke hadi jedwali la joto, ukurasa ambao laiti ningeweza kuubandika katika kila maabara nchini. Bila hitisinki, kila wati 1 hupandisha joto la kiini cha silikoni kwa nyuzi 62 juu ya hewa inayokizunguka. Kiini hakiruhusiwi kuvuka nyuzi 175. Kwa Dar es Salaam tuchukue hewa ya nyuzi 35, na hayo ni makadirio ya upole kwa kisanduku kilichofungwa. Zinabaki nyuzi 140. Zigawe kwa 62, unapata wati 2.26. Grafu ya kurasa zinazofuata inaonyesha kwamba kwenye joto hilo ukinzani huongezeka karibu maradufu. Tuseme miliomu 35. Piga hesabu: mkondo unaobaki ni takriban ampea 8. Kutoka 49 hadi 8, na kipuri ni kile kile! Hata hizo 8 ni ukingo wa kuungua. Hakuna mhandisi makini atakayezikaribia.

Kapasita za elektrolitiki hutupa funzo hilo hilo kwa saa. Chukua mbili za maikrofaradi 470, volti 25, moja ya nyuzi 85 na nyingine ya 105, zote zikiwa za saa 2,000 kwenye joto lao la juu. Kwa kanuni tunayoitumia sote, uhai huongezeka maradufu joto linaposhuka kwa kila nyuzi 10. Zikikaa kwenye nyuzi 65, ya kwanza inatarajiwa kudumu saa 8,000, haimalizi hata mwaka wa kuwaka mfululizo. Ya pili itadumu saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Niliwahi kuletewa kidhibiti chaji cha sola kutoka zahanati moja ya kijijini. Kilikuwa kimefungwa chini ya bati, kisanduku hakina tundu la hewa. Kapasita zake zote, za nyuzi 85, zilikuwa zimevimba vichwa. Niliuingiza mchoro wake kwenye kompyuta, ukafanya kazi bila dosari. Si ajabu: programu za jamii ya SPICE, usipoziagiza vingine, huchukulia joto kuwa nyuzi 27, na kapasita ndani yake haizeeki. Muuguzi aliyekileta aliniuliza kwa unyonge kama wao ndio waliokiharibu. Nikamwambia, "Hapana, dada yangu. Kiliharibika siku vipuri vyake vilipochaguliwa."

Nimpe mwenzangu haki yake. Rizista ya kilo-omu 10 inayoshikilia mguu wa IC kwenye volti ya juu mara nyingi inaweza kubadilishwa na ya 8.2 au 12, na kudai usahihi wa asilimia 1 hapo ni kupoteza fedha. Kuongeza ukubwa wa kila kipuri nako ni gharama isiyo na hesabu. Tena kipuri bora kisichopatikana sokoni hakimsaidii mtu. Kwa hiyo mtu wa ununuzi akae nasi mezani tangu mwanzo. Lakini kipi kina mbadala na kipi hakina, hilo hulijua yule tu anayejua saketi inafanya nini na itakaa wapi. Huyo ni mhandisi.

Nimezipima hoja hizi zote, na bado nashikilia kwamba joto ndilo swali la kwanza, kabla ya volti, kabla ya mkondo, kabla ya bei. Wenzangu wa mawasiliano ya redio watasema wao huanza na masafa. Waanze nayo, lakini vikuza mawimbi vyao navyo huungua.

Napendekeza basi mambo mawili. Mtihani wa usanifu ufanywe datashiti zikiwa wazi mezani. Na mwanafunzi asihitimu mpaka saketi yake ifanye kazi mchana kutwa, ndani ya kisanduku kilichofungwa, chini ya bati. Vifaa vyetu vitaishi huko. Anayevichagulia vipuri lazima asome safu ya masharti kabla ya safu ya thamani, na kumfundisha kusoma hivyo ni wajibu wa chuo kikuu.