Mlaji wa Kwanza ni Mwenye Mali: Jibini, Mikahawa na Mapishi ya Nyumbani katika Vijiji vya Ufaransa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama



Nimeombwa niwazungumzieni habari za chakula katika vijiji vya Ufaransa. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: mambo ya jibini na mikahawa ya nchi ya mbali yana uhusiano gani na mizani, vitabu vya stakabadhi na malipo ya pili? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Katika milima ya nchi ile, chakula ambacho wageni husafiri mwendo mrefu kwenda kukila ni kazi ya vyama vya ushirika. Na baadhi ya vyama hivyo asili yake ni ya kale kuliko hata wale waanzilishi wa Rochdale, ambao sote tumefundishwa habari zao tangu mwaka 1844.

Sufuria moja, wenyewe wengi

Tuanze na milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, mpakani na Uswisi. Majira ya baridi huko ni marefu. Theluji hufunika malisho, na ng'ombe hukaa zizini miezi mingi wakila nyasi kavu. Majira ya joto yakifika majani huwa tele na maziwa huwa tele, lakini maziwa hayakai. Njia waliyoiona wazee wa huko ya kuyahifadhi hata yamfae mtu wakati wa baridi ni kuyageuza kuwa jibini kubwa na gumu, liwezalo kukaa miezi mingi bila kuharibika. Jibini hilo leo huitwa Comté. Lina umbo la gurudumu, uzito wake ni kilo 40 hivi, na gurudumu moja hutumia lita 400 hivi za maziwa.

Mfugaji wa zamani mwenye ng'ombe watatu au wanne angezitoa wapi lita hizo kwa siku moja? Hapo ndipo jirani alipomhitaji jirani. Hati za karne ya 13 zinaonyesha kwamba wafugaji wa Jura walikwisha kuanza kuchanganya maziwa yao katika sufuria moja. Chama cha namna hiyo huitwa fruitière, jina linalotokana na neno "tunda", kwa maana kwamba kila mmoja huleta tunda la jasho lake likawekwa pamoja na la mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba; huko Jura methali hiyo ilikuwa ndiyo kanuni ya kuishi.

Ndugu Makatibu watapenda kusikia jinsi hesabu zilivyowekwa. Kwa muda mrefu wanachama hawakugawana fedha bali jibini lenyewe. Kila mtu aliwakopesha wenzake maziwa yake ya kila siku. Deni alilokuwa akidai lilipozidi la kila mwenzake, jibini la siku hiyo likawa mali yake. Kiasi cha maziwa kilitiwa alama kwa kukata vijiti, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuhakiki haki yake kwa kidole.

Hadi leo vyama vya aina hiyo ni zaidi ya 100 katika eneo la Comté. Tena huenda si bahati tu kwamba Charles Fourier, aliyezaliwa mwaka 1772, na Pierre-Joseph Proudhon, aliyezaliwa mwaka 1809, wote wawili walioandika mengi juu ya watu kufanya kazi kwa umoja, walizaliwa katika mji wa Besançon, ulio katika nchi hiyo hiyo ya jibini.

Masharti waliyojiwekea

Mwaka 1958 jina la Comté lilipewa hifadhi ya sheria. Tangu hapo si kila mtu awezaye kulitumia, na masharti yake ni makali. Ng'ombe wawe wa aina mbili tu, Montbéliarde au Simmental ya Kifaransa. Wasilishwe majani ya kuvundikwa, yaani saileji, ingawa saileji huongeza maziwa kwa gharama ndogo. Kila ng'ombe wa kukamuliwa atengewe eneo lake la majani. Maziwa yatoke katika eneo ambalo kipenyo chake hakizidi kilomita 25. Jibini litengenezwe katika sufuria za shaba nyekundu, kisha likomae juu ya mbao za misonobari kwa muda usiopungua siku 120. Magurudumu mengi hungoja zaidi ya hapo. Hugeuzwa na kusuguliwa kwa maji ya chumvi mara kwa mara.

Kisha huja mtihani. Kila fungu la jibini hupewa alama kati ya 20. Lipatalo zaidi ya 14 huvishwa mkanda wa kijani. Lipatalo kuanzia 12 hadi 14 huvishwa mkanda wa kahawia. Lililo chini ya 12 huvuliwa jina. Haliwezi kuuzwa kama Comté hata kidogo.

Sharti jingine ni kwamba maziwa hayapitishwi katika moto wa kuua vijidudu kabla ya kugandishwa. Jambo hili lina mzaha wake, maana Louis Pasteur, ambaye jina lake limepewa njia hiyo ya kuyasafisha maziwa kwa moto, alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole, huko huko Jura! Lakini kwa mwanachama si mzaha. Samaki mmoja akioza wote wameoza: maziwa ya ndoo moja chafu huweza kuliharibu jibini la kijiji kizima. Ndiyo maana usafi, ukaguzi na upimaji wao ni mkali sana. Nisieleweke vibaya: sisi majumbani tuendelee kuyachemsha maziwa yetu.

Mezani nyumbani

Sasa twende jikoni, kwa sababu masharti haya yote hukamilikia mezani. Jibini la Comté si anasa ya wakubwa katika nchi yake. Huliwa kwa mkate asubuhi na jioni, hukunwa juu ya supu, huwekwa katika mkoba wa mtoto aendaye shule. Wakati wa baridi jamaa huizunguka sufuria moja ya chakula kiitwacho fondue. Sufuria husuguliwa kwa kitunguu saumu, jibini huyeyushwa humo pamoja na divai nyeupe, na kila mtu huchovya kipande chake cha mkate kwa uma mrefu. Kwa desturi, aliyeangusha mkate wake sufuriani hutozwa adhabu ya utani.

Maziwa yanapopungua, na kulipata gurudumu kubwa kunakuwa shida, wafugaji wa sehemu za juu hutengeneza jibini dogo na laini liitwalo Mont d'Or. Hutengenezwa kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Machi tu. Huzungushiwa ukanda wa gamba la msonobari na kutiwa katika kiboksi cha mti. Mama wa nyumbani hulitoboa katikati, akamimina divai nyeupe kidogo na kutia kitunguu saumu, akaliingiza katika tanuri pamoja na kiboksi chake, kisha likamwagwa juu ya viazi vilivyochemshwa. Pembeni huwekwa soseji ya nguruwe ya Morteau iliyokaushwa kwa moshi. Mwenye mwiko wa nguruwe au wa divai hatatoka na njaa: mkate, viazi, jibini gumu na saladi vyatosha kumshibisha.

Katika mikahawa ya vijijini

Mgeni apitaye huko saa sita mchana atakuta mkahawa mdogo wenye ubao mlangoni, na juu yake umeandikwa mlo wa siku na bei yake. Madereva, mafundi na wakulima hukaa pamoja na watalii. Huja kwanza saladi au supu, halafu nyama au samaki, halafu sinia ya majibini, na mwisho kitu kitamu. Jibini huja kabla ya kitu kitamu, wala si baada yake. Mpangilio huo wa mlo, pamoja na ada ya kukaa mezani bila haraka, uliingizwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ziko pia nyumba za wakulima wapokeao wageni shambani, ambako sehemu kubwa ya chakula hutoka katika shamba lenyewe.

Kwa nini mkahawa wa kijiji hauthubutu kumwekea mgeni jibini baya? Kwa sababu katika meza ya pili ameketi mwanachama aliyekamua maziwa yake. Naye mwanachama haendi mbali kujua sifa ya mali yake, maana chama chake mara nyingi kina duka mlangoni pa kiwanda, na mkewe hununua humo. Huyo mlaji wa kwanza ndiye mkaguzi wa kwanza.

Chama kilichookoa chakula

Ili msidhani kwamba mambo haya huenda yenyewe, nitawatoa Jura niwapeleke kusini ya kati ya Ufaransa, katika uwanda wa juu wa Aubrac. Huko jibini la Laguiole lilitengenezwa na wachungaji katika vibanda vya mawe vya malishoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 vibanda hivyo vilikuwa mamia. Baadaye vijana wakahamia Paris kutafuta riziki, wengi wao katika biashara ya mikahawa. Vibanda vikafungwa kimoja kimoja, na jibini likawa karibu kutoweka.

Mwaka 1960 wafugaji vijana waliobaki walianzisha chama cha ushirika wakakiita Jeune Montagne, yaani Mlima Kijana. Mwaka uliofuata, 1961, jina la Laguiole likapata hifadhi ya sheria. Miongoni mwa waliokiongoza chama hicho kwa miaka mingi ni André Valadier. Walishika njia ya maziwa yasiyochemshwa, wakashika ng'ombe wafaao kwa majani ya mlima wao, badala ya kukimbilia ng'ombe wa maziwa mengi tu.

Kilichowasaidia sana ni chakula kimoja cha nyumbani kiitwacho aligot. Viazi huchemshwa na kupondwa, hutiwa siagi, malai na kitunguu saumu, halafu jibini changa ambalo halijatiwa chumvi. Kisha husongwa kwa mwiko mkubwa, na hapa yeyote ajuaye kusonga ugali ataielewa kazi hiyo. Husongwa mpaka kikavutika kama kamba, mpishi akiinua mwiko juu ya kichwa na chakula kisikatike. Zamani kilikuwa chakula cha wachungaji. Siku hizi huliwa arusini, sherehe za kijiji na mikahawani. Faida yake kwa chama ni dhahiri. Jibini la Laguiole hungoja miezi ghalani kabla ya kuleta fedha, lakini jibini changa la aligot huuzwa mara moja. Chakula cha bibi kikawa nguzo ya hazina ya chama.

Sifa ya mahali ikakua. Katika mji huo mdogo wa Laguiole, mpishi Michel Bras, ambaye familia yake ilikuwa na mkahawa hapo, alipata mwaka 1999 nyota tatu, daraja la juu kabisa katika kitabu cha Michelin. Mwaka 2017 mwanawe Sébastien aliomba mkahawa wao uondolewe katika kitabu hicho, apate kupika bila mzigo wa mashindano.

Si peponi

Ndugu Wanachama, huko nako wana matatizo. Mafanikio huleta tamaa ya kuzidisha, na ardhi ina kipimo chake. Mwaka 2010 samaki wengi walikufa katika mto Loue, ulio ndani ya nchi ya Comté, na tangu hapo wanachama wameulizwa maswali magumu juu ya samadi na mbolea zinazoshuka mtoni. Ushirika wenye sifa hauna budi kujibu hata maswali yanayouma.

Tuyapeleke nini vyamani?

Nawaachieni mambo matatu. La kwanza, kipimo na daraja viwe wazi siku ya kupokea mali, mbele ya mwanachama, kama kile kijiti cha Jura. Mwanachama aletaye mali safi akilipwa sawa na aletaye takataka, msimu ujao wote wataleta takataka.

La pili, mkutano mkuu usiogope kujiwekea sharti linalopunguza wingi ili kuilinda sifa. Sharti lililopigiwa kura na wenyewe hushikwa kuliko amri iliyotoka juu.

La tatu ndilo kubwa kwangu. Wangapi miongoni mwetu tunalima kahawa wala hatuinywi, tunauza maziwa yote na watoto wetu wanakunywa chai ya rangi? Mkulima asiyeonja mali yake hujua bei yake tu, wala hawezi kubishana na mnunuzi amwambiaye kwamba ni mbaya. Hivyo naomba kila chama, katika mkutano wake mkuu ujao, kiwaandalie wajumbe mali yake yenyewe: kahawa iliyokaangwa na kupondwa hapo hapo, mtindi wa chama, asali ya chama. Daraja la kwanza na la tatu viwekwe mezani kando kwa kando, wajumbe waonje kabla ya kusomewa hesabu. Gharama yake ni ndogo, na katibu anaweza kuiingiza katika makisio ya mwaka huu.