Reli ya mezani na saa ya ukutani

Wiki hii naomba tuzungumzie mchezo. Si kandanda, maana kandanda ina wasemaji wake, na wengine wana sauti kubwa kuliko yangu. Nazungumzia treni za mfano, zile treni ndogo zinazozunguka juu ya meza, ambazo wengi wetu tukiziona kwenye kioo cha duka tunasema ni za watoto, tunapita zetu.

Oktoba 2018 televisheni ya Channel 5 ya Uingereza ilianza kuonyesha mashindano yaliyoitwa The Great Model Railway Challenge. Yalipendwa, na mwaka 2019 yakarudi kwa awamu ya pili. Masharti yake ni mepesi kuyatamka. Timu tatu zinaingia ukumbini, kila moja ina meza yake tupu, zinapewa mada, na zinapewa siku tatu. Katika siku hizo tatu lazima timu ijenge nchi nzima: milima, mito, nyumba, watu, miti, na juu ya yote hayo reli ambayo treni inapita bila kuanguka. Timu inayoshinda mchujo inasonga mbele kwenye fainali. Waamuzi walikuwa Steve Flint, mhariri wa jarida la Railway Modeller lililoanza mwaka 1949, na Kathy Millatt, bingwa wa kutengeneza mandhari za mezani. Washindani walikuwa watu wa kawaida, wanachama wa vyama vya treni za mfano na marafiki waliojikusanya.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Ni Fawley Hill, katika jimbo la Buckinghamshire, kwenye shamba la Sir William McAlpine, mtu wa ukoo maarufu wa makandarasi, aliyefariki Machi 2018 kabla vipindi havijaonyeshwa. Bwana huyu alijijengea reli ya kweli nyumbani kwake. Mwaka 1973 ndiye aliyekinunua kichwa cha treni cha mvuke kiitwacho Flying Scotsman, kilichokuwa kimekwama Marekani baada ya mwenyewe kufilisika, akakirudisha kwao kwa meli. Kwa hiyo aliyetaka kuwacheka watu wazima wanaocheza treni alikuwa amechagua uwanja mbaya wa kuchekea.

Niwaeleze kidogo ufundi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo utamu ulipo. Waingereza wengi hutumia kipimo kinachoitwa OO. Kila kitu hupunguzwa mara sabini na sita hivi. Mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 23, chini ya kiungo kimoja cha kidole. Kilomita moja ya ardhi inakuwa meta 13. Sasa hebu fikiria: ukiwa na meza ya meta nne, hujafikisha hata theluthi ya kilomita. Mjenzi wa reli ya mfano basi si mtu wa kupunguza vitu tu. Ni mtu wa kuchagua. Mto upinde wapi usije ukala kijiji, mlima usimame wapi ili treni iingie shimoni upande huu na kutokea upande wa pili, mtazamaji adhani imesafiri mbali.

Na katika kipimo hicho cha OO kuna uongo mmoja ambao wenyewe wanaujua na wameuzoea. Reli yake ina upana wa milimita 16.5. Ukiikuza mara sabini na sita unapata milimita 1,257 hivi, wakati reli ya kweli ya Uingereza ni milimita 1,435. Reli ni nyembamba kuliko treni inavyostahili. Sababu ni kwamba zamani, mota za umeme zilikuwa kubwa mno kuingia katika vichwa vya treni vya Kiingereza, ambavyo ni vyembamba kuliko vya bara la Ulaya. Basi wakakuza bodi, reli wakaiacha ilivyo. Karibu miaka mia imepita na kasoro haijarekebishwa, maana kila mtu ameshanunua reli zake.

Adui mkubwa wa washindani wale alikuwa gundi, kuliko hata timu ya meza ya pili. Gundi nyeupe ya mbao inahitaji saa kadhaa kukauka sawasawa. Jasi inayofunika mlima uliotengenezwa kwa wavu wa waya inahitaji kukauka kabla ya kupakwa rangi. Utomvu unaomiminwa uonekane kama maji ya ziwa unaweza kuchukua siku nzima. Kwa siku tatu, hesabu hizo hazina huruma. Halafu kuna vumbi. Umeme wa treni hizi, volti 12 kwa kawaida, unapita katika reli zenyewe na kupanda kwenye mota kupitia magurudumu. Punje ya jasi ikikaa juu ya reli, treni inasimama. Chumba ambamo watu wanakata mbao, wanachonga jasi na kupuliza rangi kwa wakati mmoja, ndicho chumba kibaya kuliko vyote duniani cha kuendeshea treni ya mfano, na ndicho walichopewa.

Kulikuwa pia na zoezi la kuunda kitu kutokana na takataka na vyombo vya nyumbani. Hapo nilitabasamu. Mtoto yeyote aliyekulia uswahilini, aliyeunda lori la boksi la maziwa na magurudumu ya vizibo vya soda, angeingia zoezi lile bila hofu.

Nilimwonyesha kipindi kimoja jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote na kustaafu akiwa mkuu wa stesheni moja ya bara. Nilitegemea atacheka. Mzee alivaa miwani, akasogeza kiti karibu, akanyamaza karibu robo saa. Halafu akasema: "Mwanangu, stesheni wamejenga nzuri. Lakini anayemkabidhi dereva ruhusa ya njia amesimama wapi? Hapo treni mbili zitakutana uso kwa uso." Nikamwambia, Mzee, ni mchezo. Akanijibu kwamba na yeye hakuambiwa ni kazi ngumu hadi siku ya kwanza alipoachwa peke yake zamu ya usiku. Tukaendelea kutazama. Alitaka kujua maji ya kichwa cha treni yanatoka wapi, na kwa nini hakuna mtu aliyelala juu ya mizigo.

Maswali ya mzee yule ndiyo yaliyonifanya nilete mazungumzo haya, kwa sababu ndiyo maswali wanayojiuliza watu wa vyama hivi wakiwa makwao, mbali na kamera. Na hapa naomba nitoe lawama yangu kwa televisheni. Kazi hii haikuzaliwa kwa siku tatu. Mwimbaji Rod Stewart, huyu mnayemjua kwa nyimbo za mapenzi, alitumia miaka 23 kujenga mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 na reli zake, wenye urefu wa meta 38 hivi. Alipokwenda ziara za muziki alibeba vifaa akajenga nyumba zake hotelini. Mwaka 2019 alipouonyesha katika Railway Modeller, mtangazaji mmoja wa BBC alitia shaka kama kweli kaujenga mwenyewe. Stewart akapiga simu studio, hewani, kumsahihisha. Sisi wa kazi hii tujihadhari.

Televisheni inapenda saa ya ukutani kwa sababu saa inaleta jasho, na jasho linaleta watazamaji. Silaumu sana, nami naishi kwa saa ya studio. Lakini mtazamaji asiyejua anaweza kuondoka akiamini kwamba thamani ya kitu kile ni siku tatu. Tarehe 18 Mei 2019, kati ya awamu ya kwanza na ya pili ya mashindano, Waingereza walipata somo la upande wa pili. Chama cha treni za mfano cha Market Deeping kilikuwa kimepanga maonyesho yake katika ukumbi wa shule mjini Stamford. Usiku, vijana wanne waliingia wakavunja kila kitu. Asubuhi wenye kazi walikuta milima imekanyagwa na vichwa vya treni vimetupwa sakafuni. Kulikuwa na meza za kazi ya miaka, nyingine ikisemwa kuwa ilichukua miaka 25. Waliojenga walikuwa wazee, na baadhi yao walilia mbele ya waandishi wa habari.

Chama kiliomba msaada wa pauni 500. Wananchi walichanga zaidi ya pauni 100,000, na Rod Stewart alitoa 10,000. Fedha zilipatikana kuliko zilivyoombwa. Miaka 25 haikupatikana, maana mtu wa miaka sabini hawezi kuikopa popote. Vijana wale walifikishwa mahakamani. Mimi katika habari ile nilitafuta jambo moja: kama kuna aliyewahi kuwaonyesha vijana hao, kabla ya usiku ule, jinsi mlima mmoja wa jasi unavyojengwa. Sikuliona likiandikwa.

Kwa nini watu wazima wajifungie miaka yote hiyo? Wengi wanajenga stesheni ambazo hazipo tena. Mwaka 1963 Dakta Richard Beeching aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyopendekeza kufungwa stesheni zaidi ya 2,300 na njia za reli za kilomita zipatazo 8,000. Si zote zilizofungwa, lakini nyingi zilifungwa. Reli ziling'olewa, majengo yakauzwa, mahali pengine pakawa njia ya baiskeli. Aliyepanda treni hapo akiwa mtoto sasa anaijenga stesheni ile mezani kwa picha za zamani, ramani na kumbukumbu ya wazee waliofanya kazi pale: rangi ya mlango, mahali pa ndoo za kuzimia moto, mti uliokuwa nyuma ya choo.

Njia moja ya namna hiyo ilitoka Barnstaple hadi Bideford, katika Devon. Abiria walikoma mwaka 1965, na mizigo mwaka 1982. Mwaka 2009 mtangazaji James May aliwakusanya watu wa kujitolea wakatandika reli ya mfano ya OO juu ya njia ile iliyokufa, maili kumi, yaani kilomita 16. Jaribio la kwanza lilishindwa: wapita njia wengine walichezea reli, na vichwa vidogo havikuhimili safari. Mwaka 2011 walirudia, wakashindana na mafundi wa Kijerumani kutoka Hamburg, na safari hii treni zilifika. Mwaka 2017 wengine tena, huko Scotland, walitandika reli ndogo ya maili 71 kutoka Fort William hadi Inverness, na Channel 4 ikaonyesha mwaka uliofuata.

Kilomita 16 zile zilinifanya nichukue kalamu. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, ina kilomita zaidi ya 1,250. Igawe kwa sabini na sita. Unapata kilomita 16 na ushei. Maana yake ni kwamba reli ya Barnstaple, kwa kipimo cha mezani, ingetosha karibu safari yetu nzima: Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka ukingo wa Tanganyika. Tofauti ni kwamba reli yetu ya zamani ina upana wa meta moja, na kwa kipimo hicho ingekuwa milimita 13. Huipati dukani. Mafundi wanaotaka treni za nchi zenye reli ya meta moja hutumia ya milimita 12, au hutandika wenyewe, taruma kwa taruma.

Namwambia mzee hesabu hiyo, anataka kujua kama Saranda itaonekana.

Swali lake si la mchezo. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ikipita kwenye reli yake mpya na stesheni zake mpya. Naifurahia, nimeipanda. Stesheni nyingi ndogo za reli ya meta moja sasa zinaiona ikipita kwa mbali. Upande wa kaskazini tulikwishaona jinsi mambo yanavyokwenda: kwa miaka mingi hakukuwa na treni ya abiria ya Moshi, ikarudi Desemba 2019, na ya Arusha mwaka 2020. Katika miaka hiyo watoto walikua hapo wakidhani reli ni mahali pa kuanikia nguo. Nairobi wana jumba la makumbusho ya reli, na humo kuna vichwa vikubwa vya Garratt vilivyotengenezwa Manchester miaka ya 1950, viwili vikiwa na majina ya milima ya Tanzania, Gelai na Shengena. Ni vizuri sana. Lakini kichwa cha treni hakiwezi kukueleza ruhusa ya njia ilikabidhiwa wapi.

Nimemwomba mzee anichoree stesheni yake. Alianza na reli ya kupishania, kisha akafuta, akaanza na kisima. Mpaka ninapoandika haya amefikia nyumba ya fundi wa njia, na ameomba karatasi kubwa zaidi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia bei ya mkaa.