Kibaba cha mpagazi na pakiti ya mkimbiaji

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)

Alfajiri moja hapa Isevya kijana wa jirani yangu alinipita akikimbia, kisha akarudi kunisalimu. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha uji wa ulezi uliokuwa bado wa moto. Akakataa kwa adabu. Anajiandaa kwa mbio ndefu za Moshi, na baadaye anataka kujaribu mbio za milimani, na ati wakimbiaji wa huko hawanywi uji. Akatoa mfukoni kipakiti cha jeli alicholetewa kutoka Dar es Salaam. Bei aliyonitajia ingetosha kununua unga wa siku mbili nyumbani kwao.

Nikavaa miwani nikasoma yaliyoandikwa nyuma. Sukari, maji, chumvi kidogo na ladha ya limau.

Sisemi kwamba kipakiti kile hakina kazi. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, na kwa mtu anayekimbia kwa kasi akiba hiyo huanza kwisha anapokaribia kilometa 30. Mbio za milimani huweza kufika kilometa 100 na zaidi, kwa hiyo asiyekula njiani hafiki. Wataalamu hushauri gramu 60 hadi 90 za sukari kwa saa katika mbio ndefu, tena za aina mbili, glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo huipokea kila moja kwa mlango wake. Sasa, ni kitu gani chenye aina hizo mbili tangu kuumbwa kwake? Asali. Vijiko vikubwa vinne vina sukari karibu gramu 70. Mkazi wa Tabora akiagiza jeli kutoka ng'ambo ni sawa na mvuvi wa Kigoma kuagiza dagaa wa kopo.

Tutazame washindani wenyewe. Mmarekani Scott Jurek alishinda mbio za Western States, kilometa 161 katika milima ya California, mara saba mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005, naye hali nyama, mayai wala maziwa. Wapo wengine wanaokula nyama na kushinda vilevile. Hapa kwetu Simon Mtuy, mwenyeji wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda mlima huo hadi kileleni na kushuka kwa saa tisa na dakika ishirini hivi, akiwa amebeba mwenyewe maji na chakula chake. Wageni waliokuja baadaye walipunguza muda: Kilian Jornet wa Hispania mwaka 2010, kisha Karl Egloff wa Ekwado mwaka 2014, kwa saa 6 na dakika 42.

Na Wakenya je? Wachunguzi waliopima sahani za wakimbiaji hodari wa Kikalenjini, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu yao inatokana na wanga na sukari. Ugali peke yake ulitoa karibu robo. Sukari, nyingi ikiwa ya kwenye chai, karibu moja ya tano. Kwa siku walikula kalori karibu 3,000. Siri ya jikoni haikuonekana. Anayedhani ushindi umefungwa ndani ya pakiti au sindano akumbuke mbio za Sierre-Zinal za Uswisi mwaka 2022, ambako mshindi wa wanaume alinyang'anywa ushindi wake kwa dawa zilizokatazwa.

Hizo kalori 3,000 ndizo zilizonifanya nikae kwenye kigoda changu nikiwaza babu zetu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya nchi hii ilikwenda pwani kwa mabega ya Wanyamwezi. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa karibu kilometa 800. Posho yake kwa desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni gramu kama 700. Pigeni hesabu: kalori 2,400. Mkimbiaji anayebeba kaptula tu anakula zaidi ya huyo!

Ndiyo maana wapagazi walijiongezea kila walipoweza, kwa michembe, matobolwa, karanga, na nyama ya porini bahati ikipatikana. Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, hapakuwa na wa kuwauzia, hivyo posho ilibebwa juu ya mzigo. Na msafara uliopunja posho uliijua adhabu yake: asubuhi mizigo ipo, wapagazi hawapo.

Nayasema haya kwa sababu kazi ile haijafa. Kaka yake kijana huyu aliwahi kubeba mizigo Kilimanjaro, akiwa miongoni mwa wale wanaoitwa wagumu, katika kampuni ambayo sitaitaja. Amenisimulia kwamba kichwani alibeba trei za mayai, matunda na biskuti za wageni. Yeye na wenzake walikunywa uji mwepesi asubuhi, na ugali waliuona usiku, baada ya mahema ya wageni kusimama. Siku ya nne alitapika njiani akaambiwa ni urefu wa mlima. Huenda. Lakini alikuwa hajala tangu jana yake.

Si kampuni zote zilizo hivyo. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, unazitaka kampuni zinazoshirikiana nao ziwape wagumu milo mitatu kwa siku, na hifadhi imeweka kikomo cha mzigo kuwa kilo 20. Mizani ipo langoni na mizigo hupimwa. Ningependa mizani hiyohiyo ipime na unga wa wapagazi kabla ya kupanda: watu wangapi, siku ngapi, kilo ngapi. Haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kiongozi wa msafara aliyetoka Kwihara mwaka 1871 aliifanya hesabu hiyo kwa vibaba, na akikosea aliamka peke yake.

Kijana nilimwambia ajaribu asali mazoezini kwanza, kidogo kidogo, tumbo lizoee. Akaniuliza kaka yake angehitaji vijiko vingapi. Nikamwambia kaka yake alihitaji ugali, saa sita mchana.