RUZUKU YA KILIMO: NI NANI ANAYESTAHIKI KUIPOKEA
(Mazungumzo kwa Masheha, Mabwana na Mabibi Shamba, na Wakaazi wa Shehia)



Ruzuku ya kilimo ni fedha ya umma inayotolewa na Serikali ili kumpunguzia mkulima gharama. Humfikia kwa sura mbali mbali: mbegu, mbolea, dawa ya magugu, au kulimiwa kwa trekta kwa malipo yaliyo chini ya gharama halisi. Kwa kuwa ni fedha ya umma, haitoshi kutangaza kiasi kilichotolewa. Ni lazima ijulikane pia imepokewa na nani.

Mfano ulio karibu ni wa Tanzania Bara, ambako vocha za pembejeo zilitolewa kuanzia msimu wa 2008/2009 hadi 2013/2014. Aliyekusudiwa ni mkulima wa mahindi au mpunga asiyelima zaidi ya hekta 1. Alipewa vocha za kutosha eka 1: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ililipa kiasi cha nusu ya bei, naye akajazia iliyobaki. Orodha iliandaliwa na kamati ya kijiji, wanawake 3 na wanaume 3, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa zitangulizwe.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri katika maandishi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulibaini kuwa kiasi cha asilimia 60 ya vocha zilikwenda katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Aidha, wapo wakulima waliokosa fedha ya kujazia, wakaziuza vocha zao kwa mawakala kwa bei ya kutupa. Jina la masikini likabaki katika orodha, na mbolea ikenda kwa mwengine.

Funzo hili linavihusu pia Visiwa vyetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya Serikali, na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Jina la aliyegaiwa huweza kubaki katika hati ilhali mshika jembe ni mwengine. Katika mabonde ya mpunga, kama Cheju na Bumbwisudi, wanawake ni wengi miongoni mwa wanaolima, na baadhi yao hulima konde za kuazima. Orodha ikifuata hati pekee, mlimaji huachwa nje bila ya mtu yeyote kukusudia kumdhulumu.

Kwa hivyo, inafaa mambo manne yazingatiwe:

1. Aandikwe anayelima, si mwenye hati pekee.
2. Orodha isomwe hadharani na ibandikwe katika shehia kabla ya ugawaji.
3. Jina la kiongozi au jamaa yake likiwemo, litajwe waziwazi pamoja na konde anayoilima.
4. Mwenye malalamiko ayafikishe kwa Sheha au kwa Afisa Kilimo wa Wilaya mapema, kabla ya mvua.

Orodha ni amana. Mpunga haumngoji mtu: mbolea ikimkosa mlimaji wakati wa Masika, akija kupewa haki yake Kipupwe haitamuoteshea kitu.