Siku Nne Ufukweni mwa Tanganyika



Nazungumza nanyi kutoka Darsait, mtaa wa Muscat ulio karibu na Ruwi na Matrah, uliobanwa na vilima vya mawe matupu. Mwezi wa Juni joto hapa hupita nyuzi 40, na viyoyozi havinyamazi mchana wala usiku. Mngurumo wake nimeuzoea kiasi kwamba huugundua pale tu umeme unapokatika. Oman haina ziwa la asili la maji matamu, na ndiyo maana mkazi wa mtaa huu akipata likizo yaweza kumjia tamaa ambayo jamaa zake wa Mwanza au Kisumu huishangaa: kulala kandokando ya ziwa, porini, mahali pasipofika gari.

Mimi nilikwenda Mahale. Niliporudi, jirani yangu, mzee ambaye humwita Ami, alinikaribisha kahawa na halua baada ya sala ya magharibi. Ami alizaliwa Ujiji. Alikuja Oman katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi kuijenga nchi. Yeye alihama, lakini Kiswahili chake kimebaki kule kule.

Akaniuliza: "Mwanangu, umelala siku nne mahali hapana barabara wala simu, na fedha umetoa. Kulikuwa na nini?"

Nilijaribu kumjibu, na ninyi nawajibu vilevile.

Kwanza kuna safari yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale iko kusini ya Kigoma, na hufikiwa kwa maji. Wapo wanaotua kwa ndege ndogo kisha wakapanda boti. Wengine huanza na boti kutoka Kigoma, mwendo wa saa nyingi. Kwa miaka mingi meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma, iliwashusha abiria usiku karibu na hapo, wakaingia mitumbwini gizani. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, watu hutembea kwa miguu. Kwa hiyo ukishafika umefika. Ukikumbuka jambo la ofisini huna pa kulipeleka, na siku ya pili hulikumbuki tena.

Halafu kuna ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hukaribia mita 1,470. Sehemu kubwa ya samaki wake hawapatikani kwingine duniani. Tarakimu hizo nilikuwa nimezisoma kabla. Nisichokisoma ni kwamba maji yale ni maangavu hata ukisimama kiunoni unahesabu vidole vya miguu yako, na kwamba usiku wimbi lake ni dogo, lapiga mchangani kwa zamu, kama mtu anayepumua katika chumba cha pili. Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa pili nililala kama mtoto. Nyuma ya mahema msitu unapanda hadi mlima Nkungwe, wenye mita 2,462, na alfajiri sauti za sokwe hushuka kutoka huko.

Sokwe ndio wanaowavuta wageni wengi. Watafiti wa Kijapani walianza kuwafuatilia mwaka 1965, wakawazoesha watu pole pole. Mgeni hupewa saa moja tu, tena amefunika pua na mdomo, kwa sababu mafua yetu huwaua. Mwaka 2006 maradhi ya namna hiyo yalisababisha vifo miongoni mwao.

Ami alisikiliza hayo yote kwa adabu, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake: "Migebuka ulikula?"

Sikula. Kambini tulipewa chakula cha Kizungu, kizuri, na mkate uliookwa pale pale. Samaki wa ziwa walikuwapo, lakini wa mawese, wanavyopikwa Kigoma, hawakuonekana mezani. Ami alitikisa kichwa kama aliyesikia habari ya msiba.

Kisha nikamweleza jambo ambalo limenikaa tangu nirudi. Siku ya tatu, njiani kuelekea msituni, muongozaji wetu alituonyesha milimau. Mlimau haukuota Mahale kwa bahati, ulipandwa. Hapo palikuwa na kijiji cha Watongwe, wavuvi na wakulima walioishi chini ya Nkungwe na kuuheshimu mlima huo tangu zamani. Waliondolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 hifadhi ikatangazwa rasmi. Watafiti wameandika kwamba baada ya watu kuondoka, sokwe wa huko walijifunza kula malimau yale. Mpaka wa hifadhi unaingia ziwani kiasi cha kilomita moja na nusu, na ndani yake uvuvi umekatazwa. Taa za wavuvi wa dagaa, zinazopendeza sana usiku usio na mbalamwezi mtu akiwa amekaa kitini na kinywaji chake, ziko mbali kwa amri.

Sisemi kwamba sokwe wangesalimika bila ya hifadhi. Sidhani. Lakini ukimya nilioulipia si wa tangu kuumbwa dunia. Watu walihamishwa ili uwepo, na bei yake ya usiku mmoja katika kambi ya kifahari hupita mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi Kigoma. Vipeperushi vya utalii huliita pori lisiloguswa. Milimau haikubaliani na vipeperushi.

Ami alinyamaza kwa muda. Wazee wa ukoo wake walifika ziwani na misafara ya karne ya 19, ile iliyobeba pembe za ndovu na, kama asemavyo mwenyewe bila ya kuficha, watu waliofungwa minyororo. Wakapanda miembe Ujiji, wakaoa, wakazika. Yeye naye aliiacha miembe hiyo.

"Sasa mimi," akasema, "nilipe dola nikalale kwetu?"

Nikamwambia kwamba si lazima alipe nyingi hivyo. Shirika la Hifadhi za Taifa lina vibanda vyake mle mle Mahale, kwa bei ndogo kuliko kambi za kifahari, na mtu huenda na chakula chake na kujipikia. Kabla ya kupanda boti anaweza kupita soko la Kigoma akanunua dagaa na chupa ya mawese.

Akamwita mjukuu wake alete kalamu. Aliandika jina la hifadhi kwa herufi za Kiarabu nyuma ya bahasha, akauliza habari ya boti na miezi ya mvua. Kisha akainua uso.

"Na hivyo vibanda," akasema, "mtu akilala, maji anayasikia?"

Nikamwambia viko karibu na ufukwe. Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa kanzu.