Mchezaji wa Maneno Machache



Kila mwaka katika chuo chetu cha walimu twafanya mchezo wa kuigiza, na kila mwaka nayaona mambo yale yale. Siku ya kugawa nafasi, vijana wote wataka kuwa mfalme. Wa kuwa bawabu wa mfalme hapatikani. Mwaka jana kijana mmoja, tena hodari, alinirudishia karatasi yake akasema, "Mwalimu, mtu huyu ana maneno matatu tu. Mama yangu atoke mbali aje asikilize maneno matatu?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo nimelileta, nalo ni habari za mtu aliyeifanya kazi ya kina bawabu juu ya jukwaa, katika sinema na katika televisheni, tangu ujana wake hata akapita miaka tisini. Jina lake ni Earl Cameron.

Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1917 katika Bermuda, visiwa vidogo vilivyo peke yake katika bahari ya Atlantiki, chini ya bendera ya Uingereza. Watoto walikuwa sita, naye ndiye kitinda mimba. Baba yao, fundi mwashi, alikufa Earl angali na miaka mitano. Alipokua akawa baharia, na vita vilipozuka mwaka 1939 meli yake ikafika London. Hapo akajuana na msichana, na meli ikang'oa nanga bila yeye. (Nayasema kama yalivyokuwa, wanafunzi wangu wasiyafanye kuwa kielelezo.)

Basi akabaki mjini, mgeni, mtu mweusi, katika majira ya baridi, na kazi aliyoipata ni kuosha vyombo. Alikuwa na rafiki aliyecheza katika mchezo wa nyimbo uitwao Chu Chin Chow, uliorudishwa jukwaani mwaka 1941. Mchezo huo ni kisa cha Ali Baba na wezi arobaini, mnachokijua sana katika Alfu Lela Ulela. Earl alikwenda kumtazama rafiki yake, akaona kazi ile ni afadhali kuliko masahani, akaomba naye atiwe. Hapakuwa na nafasi. Baada ya majuma machache mchezaji mmoja hakufika kazini, na Earl akavikwa nguo za yule asiyefika. Hivyo ndivyo alivyoingia: katika pengo la mtu mwingine, hana elimu ya kazi hiyo hata kidogo.

Lakini hakukaa na ujinga wake. Alikwenda kujifunza kutumia sauti kwa bibi mmoja mzee, Amanda Aldridge. Baba yake bibi huyo alikuwa Ira Aldridge, mtu mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akasifiwa katika nchi nyingi za Ulaya kwa kucheza michezo ya Shakespeare. Mimi napenda kuifikiri picha hiyo: yule mwosha vyombo wa jana amesimama chumbani, anafundishwa kutamka na binti wa bingwa. Ujuzi ule ulitoka kinywa hata kinywa, kama vile kwetu mashairi yalivyotoka kwa wazee.

Mwaka 1947 mchezo wa Kimarekani uitwao Deep Are the Roots ulichezwa London. Habari zake ni za askari mweusi arudiye kwao baada ya vita. Earl akawekwa kuwa mchezaji wa akiba. Yaani huyajua maneno yote ya mkuu, hufika kila jioni, huketi nyuma ya pazia, na mkuu akiwa mzima, hurudi nyumbani bila kutamka neno. Baadaye mchezo ulipozungushwa katika miji mingine, ndipo alipopewa nafasi yenyewe.

Mwaka 1951 akaingia katika sinema. Picha iliitwa Pool of London, na nafasi yake ilikuwa ya Johnny, baharia kijana atokaye Jamaica, ambaye meli yake imetia nanga London. Akakutana na msichana wa Kizungu, wakapendana kwa haya, bila kusema mengi. Katika sinema za Uingereza jambo hilo lilikuwa karibu halijaonekana. Watu wakamsifu, naye akatazamia kuitwa mara kwa mara. Hakuitwa. Waliotunga picha za sinema hawakuwa na desturi ya kuwatungia watu weusi habari; waliwahitaji kwa mlango, kwa mzigo, au kwa mkuki.

Hapo ndipo nchi yetu ya Kenya inapoingia. Mwaka 1955 ilitoka picha iitwayo Simba, juu ya vita vya Mau Mau. Earl alikuwa Karanja, daktari aliyesoma, ambaye walowezi hawamwamini kwa rangi yake, na watu wake hawamwamini kwa elimu yake. Na baba yake mzazi ndiye kiongozi wa siri wa wapiganaji. Mwaka uliofuata ikatoka Safari, na humo Earl ni mtumishi amwuaye mtoto wa bwana wake. Daktari mwaka huu, mwuaji mwaka ujao! Picha zote mbili zilitazama mambo kwa jicho la mlowezi, na sababu zilizowafanya watu waingie msituni hazikuelezwa kwa haki. Sitaki kuwaficha hayo. Je, angekataa? Mwenzangu mmoja chuoni husema angekataa. Mimi namtazama Karanja, namwona mtu aliyevutwa huku na huku asipate mahali pa kukaa, na uchungu wake si wa karatasi aliyopewa. Uchungu ule aliutia mwenyewe.

Lakini kama nataka kumwonyesha yule kijana wa chuoni kazi ya nafasi ndogo, nitachagua Sapphire, ya mwaka 1959. Mwaka mmoja nyuma palikuwa na ghasia za rangi katika mtaa wa Notting Hill, London, na watu walikuwa hawajazisahau. Katika picha hii msichana ameonekana ameuawa. Polisi wanamdhani Mzungu, na wenye nyumba na marafiki wanasema vivyo hivyo. Kaka yake anaitwa. Mlango unafunguliwa, na aingiaye ni daktari mweusi, mpole, amevaa vizuri. Ni Earl Cameron. Hapaziki neno la maana lililosemwa bado, na habari yote imekwisha kupinduka. Angeingia kwa hasira, tungetazama hasira. Angeingia kwa kunyenyekea, tungemhurumia tukasahau. Yeye aliingia kama mtu aliyefiwa na dada yake, basi. Na askari wale wakaachwa na mshangao wao usoni. Mchezaji mkuu hupewa saa mbili tumzoee. Huyu alipewa mlango mmoja, na kupitia mlango ule ilimbidi alete utoto wake, masomo yake, matusi yote aliyoyameza, na msiba wa siku ile.

Neno moja juu ya ufundi, maana naulizwa sana. Jukwaani sauti sharti imfikie aketiye nyuma kabisa, na mkono sharti uonekane. Mbele ya kamera mambo hugeuka: jicho likitikisika tu, mtazamaji ameona, na mkono wa jukwaani huwa kama mtu apigaye kelele msikitini. Televisheni ya miaka ile ilikuwa na hofu ya namna mbili pamoja. Kamera i karibu, na michezo mingi ilipelekwa hewani papo hapo. Ukisahau neno, umesahau mbele ya taifa. Earl alicheza katika michezo kadha wa kadha ya namna hiyo ya BBC. Katika mmoja, The Dark Man, wa mwaka 1960, alikuwa dereva wa teksi anayebaguliwa na wenziwe. Na mwaka 1966, katika mfululizo wa Doctor Who, akawa mmoja wa warushwao angani, wakati ambapo ilikuwa shida kumwona mtu mweusi katika vazi hilo mahali popote.

Waislamu wa pwani labda mmemwona bila kujua jina lake. Katika picha ya The Message, ya mwaka 1976, iliyotolewa kwa Kiingereza, ndiye Najashi, mfalme wa Habeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza waliokimbia Makka. Hivyo mtu wangu wa maneno machache alipata kiti cha enzi. Na hata hapo hana mengi ya kusema, kazi yake kubwa ni kusikiliza. Jaribuni siku moja kusikiliza mbele ya watu mia, mwone kama ni kazi rahisi.

Mwaka 1979 aliyaacha hayo yote, akahamia Visiwa vya Solomon kuitumikia dini yake ya Kibahai, na huko Honiara akauza aisikrimu. Miaka ya tisini akarudi Uingereza. Mwaka 2005, katika The Interpreter, akawa rais mkatili wa nchi ya kubuni ya Afrika, ambayo lugha yake ilitungwa kwa kuchanganya vipande vya Kiswahili na Kishona. Mwaka 2009 alipewa nishani ya CBE, na mwaka 2012 jumba la michezo la Hamilton, katika Bermuda, likaitwa kwa jina lake. Alifariki tarehe 3 Julai 2020, na umri wake miaka 102.

Yule kijana aliichukua karatasi yake tena, lakini kwa sharti kwamba nimwambie pa kumwona mzee huyu. Nikamwelekeza picha ya Inception, ya mwaka 2010. Pana mahali wahusika wanafika Mombasa. (Wenyeji wa Mombasa wataikataa mara moja, maana mji unaoonekana ni Tangier wa Moroko.) Wanashuka ngazi kuingia chumba cha chini walimolala watu waotao ndoto. Kando yao amesimama mzee mwenye upara, aliyepita miaka tisini, anasema maneno machache kwa sauti ya taratibu. Msitoke kwenda kununua njugu wakati huo. Ndiye yeye.